Kuvunja Ungo Si Kukomaa

Majuma mawili yaliyopita, katika semina ya mwaka wa pili, tulikuwa tukijadili Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Mwanafunzi mmoja wa kiume, kijana makini asiyependa kuuliza maswali ya kujionyesha, aliinua mkono akasema: "Dokta, mimi sitetei ndoa za utotoni. Lakini tuwe wakweli. Binti akishavunja ungo, si maumbile yenyewe yamekwisha sema kwamba amekua? Sisi ni nani tuseme bado?" Darasa lilicheka kidogo, kisha likanyamaza, na katika ukimya ule nilitambua kwamba wengi walikubaliana naye, wasichana wakiwamo. Muda wa semina ulikuwa umekwisha. Nilimjibu kwa sentensi mbili zisizotosha. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa.

Nianze na lugha yenyewe, kwa sababu lugha yetu ina busara kuliko sheria yetu. Kiswahili kina neno kubalehe, na kina neno kukomaa. Hayo ni maneno mawili, na kila mkulima anajua kwa nini. Mhindi ukitoa mbelewele hakuna anayekwenda shambani na kikapu. Mbelewele ni habari njema. Ni ahadi kwamba mavuno yatakuja. Lakini anayevuna siku hiyo hapati mahindi, na msimu unaofuata hatakuwa na mbegu. Sheria ya nchi yetu, kuhusu binti wa Kitanzania, inavuna siku ya mbelewele.

Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa kinaweka umri wa kuoa kwa mwanamume kuwa miaka 18, na umri wa kuolewa kwa mwanamke kuwa miaka 15. Mahakama imepewa uwezo wa kuruhusu ndoa hata ya mwenye miaka 14, ikiridhika kwamba kuna sababu maalumu. Kifungu cha 17 kinaongeza kwamba msichana wa chini ya miaka 18 ahitaji ridhaa ya baba yake. Kama baba amefariki, ya mama yake. Kama wote wawili hawapo, ya mlezi. Msomaji na asome tena mpangilio huo. Mama aliyembeba mimba, aliyemfua nepi, aliyemfundisha jinsi ya kujisitiri alipoanza kupata hedhi, sauti yake inahesabika kisheria pale tu mumewe akiwa kaburini.

Nitakuwa mwadilifu kwa waliotunga sheria hiyo. Mwaka 1971 ilikuwa hatua ya mbele. Iliziweka ndoa za kimila, za kidini na za kiserikali chini ya sheria moja, ikadai ziandikishwe, na ikaweka kiwango cha umri. Lakini sheria iliyokuwa mbele ya wakati wake mwaka 1971 haina haki ya kubaki palepale wakati watoto tuliowaandikia wamekwisha kuwa mabibi. Tarehe 8 Julai 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Bunge lililokuwapo likamaliza muda wake mwaka 2020 bila kubadilisha hata herufi moja. Tukaambiwa suala ni nyeti, lahitaji maoni zaidi. Ninapoandika, vifungu hivyo bado vimo vitabuni. Mahakama ya juu kabisa nchini imesema, na sisi bado tunakusanya maoni.

Kinachonikera zaidi ya ucheleweshaji ni unafiki wa hesabu zetu. Hebu tumfuate binti wa miaka 16 kutoka ofisi moja hadi nyingine. Kituo cha kupigia kura kitamwambia yeye ni mtoto, arudi akiwa na miaka 18. Ofisi ya leseni, akitaka kuendesha gari, itamwambia hivyohivyo. Akitaka kukopa benki, hana uwezo wa kuingia mkataba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema wazi kwamba mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18. Kanuni ya Adhabu, tangu marekebisho ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, yasema mwanamume anayemwingilia msichana wa chini ya miaka 18 amebaka, hata kama msichana ameridhia. Kisha inakuja nukta ndogo: isipokuwa awe mke wake, mwenye miaka 15 au zaidi, na hawajatengana. Tendo ni lilelile, mwili ni uleule. Cheti cha ndoa kinaligeuza kosa la kifungo cha miaka 30 kuwa haki ya mume.

Ongeza na hili. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na sasa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na miaka 30 jela. Nililipongeza rekebisho hilo. Lakini tazama linamwacha nani nje: binti aliyemaliza darasa la saba asichaguliwe, au aliyeacha shule kwa kukosa nauli na chakula. Huyo hana kinga, ingawa umri wake ni sawa na wa mwenzake aliye darasani. Kwa hiyo kinachomlinda mtoto wa Kitanzania si umri wake bali sare yake. Akiivua, amekua.

Sasa turudi kwenye hoja ya mwanafunzi wangu, kwamba maumbile yamesema. Naikubali changamoto hiyo. Tuyasikilize maumbile, lakini tuyasikilize mpaka mwisho wa maneno yao.

Kubalehe kwa msichana hakuanzi na hedhi. Kwa kawaida dalili ya kwanza ni matiti kuanza kuchomoza, kati ya miaka 8 na 13, na hedhi huja baadaye, mara nyingi baada ya miaka miwili hivi. Katikati hapo mwili hurefuka kwa kasi. Hedhi inapofika, kasi ya kurefuka imeanza kupungua, na ndipo wazazi husema: amekuwa mtu mzima. Lakini nyonga bado. Mifupa ya nyonga huendelea kupanuka polepole kwa miaka kadhaa baada ya hedhi ya kwanza, hata msichana akiwa tayari amefikia karibu kimo chake chote. Hata yai lenyewe halijatulia: katika mwaka wa kwanza na wa pili mizunguko mingi hupita bila yai kupevuka, na ndiyo maana hedhi huruka na kukosa mpangilio. Kwa hiyo kama maumbile yangekuwa shahidi mahakamani, ushahidi wao ungekuwa huu: mlango umefunguliwa, lakini nyumba bado inajengwa.

Anayeingia kwenye nyumba hiyo kabla haijaezekwa analipa. Mtoto mchanga anapotaka kupita kwenye nyonga ambayo haijamaliza kupanuka, hutokea uchungu pingamizi. Kichwa cha mtoto hukandamiza kibofu na njia ya uzazi kwa saa nyingi, wakati mwingine kwa siku, mpaka nyama zinakufa na kutoboka. Hiyo ndiyo fistula. Shirika la Afya Duniani limeyahesabu matatizo ya ujauzito na uzazi kuwa miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wasichana wa miaka 15 hadi 19 duniani. Na tusijifariji kwamba haya ni ya zamani. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 31 ya wanawake wetu wa umri wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamekwisha kupata mimba.

Huo ni mwili. Ubongo nao una ratiba yake, tena ndefu zaidi. Tangu miaka ya 1990 watafiti kama Jay Giedd wa Marekani wamewapiga watoto walewale picha za ubongo mara kwa mara kadiri walivyokuwa wakikua. Walichokiona ni kwamba ubongo haukomai wote kwa pamoja. Sehemu zinazowasha hisia, hamu na msisimko huchangamka mapema, mara homoni za balehe zinapoingia. Sehemu ya mbele, iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayopima matokeo, inayozuia mkono usirushe jiwe, inayouliza "na kesho itakuwaje?", ndiyo ya mwisho kukamilika, na kazi hiyo huendelea hadi miaka ya ishirini na kitu. Kijana balehe ni jahazi lililokwisha pandisha tanga wakati usukani wake bado uko kwa fundi.

Nawasihi wanafunzi wangu wasiitumie elimu hii vibaya. Haisemi kwamba vijana ni wapumbavu. Mpe kijana wa miaka 16 swali, muda wa kufikiri na utulivu, naye atalipima karibu sawa na wewe na mimi. Kinachomshinda ni hali ya joto: hofu, mapenzi, aibu, macho ya wenzake. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg walichapisha matokeo ya jaribio moja rahisi. Waliwapa vijana balehe, vijana wakubwa na watu wazima mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari. Baadhi walicheza peke yao, wengine mbele ya rika lao. Watu wazima hawakubadilika sana. Vijana balehe, walipotazamwa na wenzao, walithubutu hatari nyingi zaidi. Sasa nijibuni: ni hali gani yenye joto kuliko kikao cha posa? Baba amekwisha pokea sehemu ya mahari, wajomba wameketi mkekani, mama analia jikoni, na mtoto wa miaka 15 anaulizwa mbele ya wote kama ameridhia. Anainamisha kichwa. Tunaandika: ameridhia.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Miaka ya balehe si chumba cha kusubiri utu uzima. Ni miaka ya kazi, na kazi yake kubwa ni kukosea. Kijana hujifunza kupima kwa kupima vibaya kwanza. Huamini rafiki asiyeaminika, hutumia pesa yote ya wiki siku ya Jumatatu, hupenda mtu asiyempenda, hujibizana na mama kisha akarudi kuomba radhi. Kwa makosa hayo madogo, yanayorekebishika, ndivyo ule usukani unavyochongwa. Ndiyo maana jamii yenye akili huwazungushia vijana uzio mpana: ndani yake waruhusiwe kujikwaa, nje yake wasiruhusiwe kwenda. Ndoa na uzazi viko nje ya uzio huo, kwa sababu humo hamna makosa madogo. Binti wa miaka 15 aliyeolewa amenyang'anywa haki ya kukosea na kuanza upya.

Nilisoma shule ya msingi katika kijiji kimoja cha mkoa wa Lindi. Dawati letu lilikuwa la watu watatu, na aliyekaa katikati alikuwa msichana aliyetupita wote kwa hesabu. Sehemu na asilimia zilinishinda; nilinakili kwenye daftari lake, naye aliuinua kidogo mkono wake wa kushoto ili nione. Tulipomaliza darasa la saba mimi nilichaguliwa kwenda sekondari, yeye hakuchaguliwa. Miezi michache baadaye akaolewa na mfanyabiashara wa ufuta aliyekuwa tayari na mke. Nilikuwa likizo. Nilikwenda kwenye harusi, nikala pilau, nikaona ni jambo la kawaida kabisa. Mtoto wake wa kwanza alifia tumboni baada ya siku tatu za uchungu, naye akatoka na fistula. Mume alimrudisha kwao. Aliishi chumba cha uani miaka mingi, hadi alipofanyiwa upasuaji Dar es Salaam.

Tulikutana msibani miaka michache iliyopita. Aliniuliza ninafanya kazi gani, nikamwambia nafundisha chuo kikuu. Akacheka, akasema: "Hesabu umeshazijua?" Sikuwa na jibu. Sheria iliyomruhusu mtu yule kumwoa ndiyo hii ninayowafundisha wanafunzi wangu leo, kifungu kwa kifungu, haijabadilika.

Najua majibu yatakayokuja, kwa kuwa nimeyasikia mara nyingi. La kwanza ni mila. Wanasema wahenga wetu waliwaoza mabinti mara walipovunja ungo. Nimekulia kwenye ngoma za unyago, na nasema wenye hoja hiyo hawaiheshimu mila wanayoitetea. Unyago haukusema kwamba mwali amekomaa. Ulisema kwamba sasa ndipo mafunzo yaanze. Alipewa somo au kungwi, aliwekwa ndani. Miongoni mwa Wazaramo mwali aliweza kukaa ndani muda mrefu, miezi hata miaka, akifundishwa. Kama kuvunja ungo kungekuwa ndiko kukomaa, kungwi angekuwa na kazi gani? Leo tumefupisha mafunzo yakawa siku chache za likizo, tumewaondoa masomo waliofuatana na binti hadi uzeeni, tumebakiza posa na mahari. Hiyo si mila. Ni mabaki yake yaliyo na faida kwa mtu mzima.

La pili ni dini. Kwa ndugu zangu Waislamu, nawaomba waisome upya aya ya sita ya Surat An-Nisaa, inayohusu mali ya mayatima. Humo kufikia umri wa kuoa hakutoshi kumkabidhi yatima mali yake. Walezi wameagizwa wawajaribu, na wakiona wamepata rushd, yaani uwezo wa kupambanua mambo, ndipo wawape. Balehe ni jambo moja, rushd ni jambo jingine. Ikiwa mtoto hapewi mbuzi wake kabla ya rushd, kwa nini akabidhiwe mume?

La tatu ni umaskini na aibu: afadhali aolewe kuliko kupata mimba nyumbani. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu huyasema hayo mzazi aliyechoka, si mzazi mwovu. Lakini nani aliyemfikisha hapo? Mtoto huyohuyo anapouliza kuhusu mwili wake, twamwambia bado mdogo, mambo hayo hayamhusu. Tangu Juni 2017 hadi Novemba 2021, aliyepata mimba aliambiwa na viongozi wa juu kabisa kwamba shule ya Serikali si mahali pake tena. Ni mdogo mno kuelezwa, na mkubwa wa kutosha kuadhibiwa na kuozwa. Katika kila mgogoro umri wake hupangwa upya, na kila mara hupangwa kwa namna inayompunguzia mtu mzima wajibu.

Mvulana naye hajasalimika. Sheria imemwekea miaka 18 kabla ya kuoa, lakini nyumbani akitoka jandoni au sauti ikimvunjika huambiwa yeye sasa ni mwanaume, asilie, ajitafutie. Tunamwona kwenye machimbo, kwenye mitumbwi ya usiku, juu ya bodaboda bila leseni. Akikosea twamwita mhuni. Tumemvua utoto wake kwa neno moja tu, kisha tunashangaa amegeuka kuwa mtu mkali.

Wanaosema miaka 18 ni kigezo cha kigeni waangalie majirani. Kenya imeweka miaka 18 kwa wote katika sheria yake ya ndoa ya mwaka 2014. Malawi ilibadilisha Katiba yake mwaka 2017 kuondoa mwanya uliobaki. Wana mila kama sisi, na dini kama sisi. Nakiri kwamba hata miaka 18 si siku ambayo ubongo hukamilika. Ni sakafu tuliyoichagua sisi wenyewe, katika Katiba, kuwa ndipo raia anaanza kupiga kura. Ninachodai ni kwamba sakafu hiyo iwe moja, bila ngazi ya chini kwa ajili ya mabinti.

Kwa hiyo nasema kwa uwazi. Bunge lirekebishe vifungu vya 13 na 17: miaka 18 kwa mwanamume na mwanamke, bila ruhusa ya mahakama, bila ridhaa ya baba kuziba pengo la umri, na ile nukta ya "isipokuwa" katika Kanuni ya Adhabu iondoke pamoja navyo. Kwenu watumishi wa umma mnaonisoma, maofisa ustawi, watendaji wa vijiji na kata, waandikishaji wa ndoa: sheria hii ni ruhusa, si amri. Haijamlazimisha mtendaji yeyote kuwaambia wazazi "malizaneni nyumbani". Kwenu wanaharakati: acheni kuishia kwenye kumbi za hoteli mjini, mafundi wa unyago na maimamu wanajua tofauti ya balehe na ukomavu kuliko washauri wengi wa miradi, waulizeni.

Na kwako, kijana wa semina yangu. Uliuliza sisi ni nani tuseme bado. Sisi ni watu wazima, na kazi ya mtu mzima ni hiyo: kulisema neno "bado" kwa niaba ya asiyeweza kulisema, kisha kubaki naye mpaka muda utimie. Maumbile humtangaza binti kwamba ameanza safari. Kumfikisha ni juu yetu.